Mwalimu Gladwell, Mkwewe, na Tovuti ya Asali

Mwalimu Gladwell Kathambi alipostaafu, wazazi wa shule aliyokuwa akiiongoza nje kidogo ya mji wa Meru walimpa sofa, blanketi zito na ndama, wakamwombea, wakaenda zao. Ndama alikua. Sofa ilikaliwa. Blanketi lilifanya kazi yake kila Julai baridi iliposhuka kutoka mlimani. Shida ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitaji kusahihishwa, na kusahihisha ndiyo kazi aliyoifanya Gladwell tangu akiwa msichana wa chuo cha ualimu. Mikono ilimwasha. Akaanza na ratiba ya ibada ya kanisani. Akahamia kwa kinyozi wa Makutano aliyekuwa ameandika “Kinyosi” kwa rangi nyekundu juu ya mlango. Kinyozi alibadilisha lile neno, na tangu siku hiyo, akimwona mwalimu akija, alijikuta akikagua kucha zake.

Mwanawe Kinyua alifanya kazi ya barabara upande wa Isiolo, akija nyumbani mwisho wa wiki. Alikuwa ameoa msichana wa Kianjokoma, Embu, jina lake Linda, mpole, mwenye macho ya kuona mambo mengi na mdomo wa kusema machache. Nyumba ya Linda na ya mama mkwe zilitazamana katika ua mmoja. Gladwell alizungumza Kimeru, Linda alizungumza Kiembu, na ingawa lugha hizo ni ndugu, kila mmoja alipata nusu tu ya maneno ya mwenzake. Wakakubaliana bila kukubaliana kwamba nyumbani kwao kutasemwa Kiswahili.

Mtoto wa kwanza wa Linda alikuwa msichana, na kwa desturi akapewa jina la bibi yake. Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Linda akipaza sauti, “Kathambi, toa mkono kwenye sukari!” bibi naye alitoa mkono kwenye sukari. Kwa hiyo Linda alijifunza kutazama nani yuko karibu kabla ya kumkemea mtoto, na mara nyingi akaona ni nafuu kunyamaza.

Mambo ya kompyuta yaliingia ua ule kupitia kwa Linda. Katika ukumbi wa kanisa kila Jumamosi kijana aitwaye Kiogora, aliyepata riziki kwa kutengeneza tovuti, alifundisha watu wanaoanza. Linda akajiandikisha. Gladwell alikwenda naye kwa sababu moja tu, kumshika mtoto. Alikaa nje kwenye benchi mpaka manyunyu ya Meru yalipomfukuza, akaingia na kuketi nyuma kabisa, mtoto akilala mgongoni.

“Kichwa kikubwa cha ukurasa tunakiandika kwa lebo gani?” Kiogora aliuliza siku moja.

Darasa zima likatazama dari.

“Lebo ya h-moja,” sauti ikatoka nyuma. “Na muifunge. Jumamosi iliyopita nusu yenu hamkuifunga.”

Kiogora alinyooka wima kabla hajajua kwa nini. Alikuwa amesoma darasa la nne chini ya sauti hiyo. “Asante, Madam,” akasema, na wiki iliyofuata kulikuwa na kiti cha ziada mstari wa mbele.

Gladwell alipenda kazi ile kuliko alivyotarajia. Tarakilishi, kama alivyosisitiza kuiita hata pale wengine waliposema kompyuta, haikuwa na huruma. Ukisahau alama moja ndogo, ukurasa wote unapinda kama mlango wa mbao mbichi. Hatimaye alikuwa amekutana na kiumbe mwenye viwango kama vyake. Kinyua alimpa laptopu yake ya zamani, na jioni mama aliketi kwenye sofa ya wazazi, blanketi miguuni, akitengeneza kurasa za mambo yaliyompendeza: methali, aina za ndizi, mitume kumi na wawili.

Basi siku moja simu ya Linda ikalia. Alikuwa mjomba wake, Kivuti, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji nyuki huko Siakago.

“Linda, nasikia siku hizi mnajua kutengeneza hizo vitu za intaneti. Sisi hapa tuko na asali mingi na hakuna mtu anajua.”

Linda alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo. Gladwell alinyoosha mkono, akaipokea simu kwa adabu ya mtu ambaye hajawahi kunyimwa simu.

“Mjomba, habari ya huko? Hiyo ni kazi ndogo. Ijumaa ya wiki ijayo tunakuja kuwaonyesha.”

Linda akaufunga mdomo. Alikuwa anakumbuka somo la Kiogora: kabla hujagusa kitu, keti na mwenye tovuti, umuulize anaitaka ifanye nini na nani ataifungua, chora kwenye karatasi, gawaneni kazi, kila mtu ajue yake. Gladwell naye alilisikia somo hilo. Ila kichwani mwake aliliweka kwenye fungu la utangulizi, na maisha yake yote aliwaambia watoto wa insha kwamba utangulizi usiwe mrefu.

Wakaanza. Yaani kila mtu akaanza. Linda nyumbani kwake, Gladwell nyumbani kwake, na kati yao flashi moja ikivuka ua mfukoni mwa aproni. Faili la kwanza liliitwa “asali”. Likafuata “asali mpya”, kisha “asali mwisho”, kisha “asali mwisho kabisa”. Kufikia katikati ya wiki kulikuwa na “asali mwisho ya kweli” mbili, moja katika kila nyumba, na hazikufanana.

Gladwell alijitwalia ukurasa wa mbele. Aliweka bendera ya taifa, na chini yake historia ya asali tangu enzi za Samsoni na yule simba. Aliweka ramani. Aliweka picha ya nyuki mkubwa anayepiga mabawa, na kwaya ya kina mama wa kanisa iliyoanza kuimba yenyewe mara tu mtu anapofungua. Linda alitengeneza ukurasa wa kuagiza: jina lako, mahali ulipo, unataka chupa ngapi, na kitufe cha kutuma.

Gladwell alipoufungua ukurasa huo alihuzunika. Ulikuwa mtupu kama ukuta wa zahanati. Akaupaka manjano. Akaongeza mizinga pembeni. Huko ndani, katika mistari ya maandishi ambayo mgeni haioni, akakuta mistari michache iliyofanana na mingine juu yake. Marudio, akasema moyoni. Linda anarudia mambo. Akaifuta, akahifadhi, akalala vizuri.

Asubuhi Linda alifungua kazi yake, akaitazama kitambo.

“Nimekusahihishia kidogo,” Gladwell akasema kutoka mlangoni.

“Asante, Mama,” Linda akasema.

Alisema asante siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa. Kila asante ilikuwa fupi kuliko ile iliyoitangulia. Gladwell, ambaye angegundua nukta iliyokosekana kwenye ukurasa wa mtoto aliyeketi dirishani, hakugundua hilo.

Ijumaa wakawa Siakago. Jua la kule halina mchezo, si kama la Meru. Gladwell aliyekuja na sweta aliivua kabla hata ya salamu kuisha. Wafugaji nyuki walikuwa wamejaa katika chumba cha mkutano karibu na soko. Kivuti alikuwa mtu mnene mwenye kicheko cha kusikika mbali, jicho moja limevimba kwa sababu asubuhi hiyo nyuki mmoja hakutaka mazungumzo. Aliwatambulisha wageni: huyu ni mwalimu mkuu mstaafu, mkwe wetu, na huyu ni Linda wetu, mnamkumbuka akiwa hivi, sasa ni mtu wa intaneti. Shangazi wawili wakapiga vigelegele.

“Fungueni simu zenu,” Gladwell akaamuru, akawasomea anwani herufi kwa herufi.

Walifungua. Kwenye laptopu ya Gladwell yule nyuki alikuwa wa kupendeza. Kwenye simu alijaza kioo chote, akipiga mabawa juu ya maneno, na mtu hakuweza kumfukuza. Kisha kwaya ikaanza. Simu ya kwanza ikaimba, ya pili ikafuata ikiwa nyuma kidogo, ya tatu ikaingia na ubeti wake, mpaka chumba kikawa kama sherehe ambayo kwaya zote zimealikwa na hakuna aliyekubali kusubiri zamu.

“Zima! Zima!” Kivuti alipiga kelele akicheka machozi yakimtoka kwenye jicho lililokuwa zima.

Kulipotulia, mwanamke mmoja mwembamba aitwaye Njoki, aliyesimamia ghala la kikundi, aliinua mkono. “Mwalimu, ni nzuri. Lakini mtu akitaka asali, anafanya nini?”

Gladwell alifurahi kwa sababu hilo lilikuwa na jibu. “Anabonyeza hapa kwenye kuagiza, anaandika jina, anabonyeza kutuma.”

Njoki akabonyeza. Hakuna kilichotokea. Akabonyeza tena, kwa kidole cha mtu anayejua kubana chupa. Hakuna.

“Hapa ni nani alitengeneza?” Kivuti akauliza, bila ubaya wowote.

“Sehemu hiyo ni ya Linda,” Gladwell akajibu haraka.

Na neno lilipotoka tu, akakumbuka. Ile mistari. Ile aliyoiona ni marudio. Ndiyo iliyokuwa ikikiambia kitufe kifanye nini, na yeye aliifuta kwa mkono wake mwenyewe huku akitikisa kichwa. Akamgeukia Linda, akakuta Linda anamtazama, na katika yale macho akaona kwamba Linda alijua. Alijua kabla hawajatoka Meru.

Linda akasimama mbele ya mjomba wake, mbele ya shangazi waliompigia vigelegele. “Ni mimi, Mjomba. Nitarekebisha.”

Chakula kikaletwa, chapati na ndengu. Gladwell alikata chapati yake vipande vidogo, kisha akavikata vile vipande. Upande wa pili Linda alikuwa akiambiwa na shangazi mmoja kwamba si kitu, atajaribu tena, hata shuleni alikuwa mzito kidogo mwanzoni halafu akaelewa. Linda akatabasamu na kunywa chai.

Miaka yote ya ualimu Gladwell alikuwa na neno moja kwa darasa lililovunja dirisha: aliyevunja asimame mwenyewe, asisubiri kuitwa. Alikuwa ameona watoto wa miaka tisa wakisimama. Akaweka sahani chini.

“Ndugu zangu,” akasema, na chumba kikanyamaza kwa sababu sauti hiyo iliumbwa kunyamazisha vyumba. “Nimesema lisilo kweli hapa. Kile kitufe kilikuwa kinafanya kazi. Linda alikitengeneza vizuri. Mimi ndiye niliyeingia katika kazi yake bila kumuuliza, nikafuta kitu nisichokielewa. Na wimbo ni wangu. Na nyuki.”

Kisha Kivuti akaanza kucheka, polepole, kicheko kikipanda. “Mwalimu, kaa chini ule! Sisi nyuki hutuuma kila siku na bado ni marafiki zetu. Ona hii jicho.”

“Ngoja kwanza,” Njoki akasema. “Kwa vile wamekubali kuwa hawajui, si watuulize tunataka nini? Tangu waje hakuna mtu ametuuliza.”

Gladwell alihisi uso ukipata moto. Lakini Linda alikuwa tayari amechukua kipande cha katoni ya chupa na kalamu, akachora mstatili mrefu mwembamba. “Hii ni simu,” akasema. “Mtu amefungua. Aone nini kwanza?”

Loo, walikuwa na maneno. Hakuna aliyetaka Samsoni, ingawa walimheshimu. Walitaka mtu aone kama leo asali ipo au haipo, maana wanunuzi wengine walikuja kutoka Embu mjini na kurudi mikono mitupu, wakanuna. Walitaka asali ya migunga itofautishwe na ile ya nyuki wadogo wasiouma, kwa kuwa hiyo ya pili watu huinunua kama dawa. Walitaka namba ya simu, na Njoki aliinuka kabisa akaishika kalamu, akaitoa namba chini alipoiweka Linda, akaipandisha juu kabisa. “Watu wetu hawaandiki kwa fomu,” akasema. “Wanapiga.” Mzee mmoja aliyekaa kimya muda wote akaongeza kwamba wimbo ni mtamu lakini unakula bando la intaneti.

Waliondoka na ile katoni. Gladwell aliibeba mwenyewe.

Nyumbani, jioni, wakawa wanamenya ndizi jikoni kwa Linda. Mtoto alikuwa chini akigonga vifuniko.

“Kwa nini ulininyamazia?” Gladwell akauliza. “Uliona nimeharibu. Kabla hatujatoka uliona.”

Linda aliendelea kumenya. “Mama, ningesema nini? Kwetu mtu hamwambii mama mkwe amekosea.”

Gladwell alifikiria hilo. “Hata kwetu,” akakubali.

Wakamenya. Ndivyo hali ilivyokuwa, na hakuna kati yao aliyeitunga. Mama mkwe ni mama mkwe. Lakini asali nayo ilikuwa inangoja.

Jumamosi wakamwendea Kiogora baada ya darasa, wakamsimulia yote. Simulizi lilipofika kwenye flashi ya mfukoni na “asali mwisho ya kweli” mbili, Gladwell aliongea akitazama dirisha. Kiogora hakucheka, ila alikohoa kwa muda mrefu. Kisha akawaonyesha Git, programu ambayo alikuwa ameitaja darasani na wao wakaiogopa. Inatunza historia ya kazi, akaeleza, kila badiliko na aliyelifanya, na ukikosea unaweza kurudi ulipokuwa jana. Kazi ina shina moja, na kila mtu akitaka kuongeza kitu anachipusha tawi lake, anafanyia huko, bila kumgusa mwenzake. Likiwa tayari, tawi linaunganishwa na shina.

“Lakini si kabla mwenzako hajalisoma,” akasema. “Hiyo ndiyo sheria. Hakuna anayeingiza kitu kwenye shina peke yake.”

“Na huyo mwenzako akisoma,” Gladwell akauliza, “anasema nini?”

“Anasema ukweli, Madam. Kama kuna kasoro anaiandika pale.”

Wanawake wawili wakatazama viatu vyao. Kiogora naye, aliyekuwa hajawahi kumwambia Madam ukweli usiopendeza tangu darasa la nne, akajikuna kisogo.

Dawa aliileta Linda, siku chache baadaye. Gladwell alikuwa ametengeneza sehemu ya picha za ghala kwenye tawi lake, akaomba lisomwe, akakaa kwenye sofa akisubiri kama mtahiniwa. Ujumbe ukaja. Haukusema “umekosea”. Haukusema “wewe” popote. Ulisema hivi: “Ukurasa unaomba picha ndogo zaidi. Kwa simu ya Njoki zinachelewa kufunguka.”

Gladwell alisoma mara ya pili, akatafuta tusi, hakulipata. Hakuna mtu aliyemkosoa. Ni ukurasa tu, maskini, ulikuwa na shida zake na unaomba. Nani angemnyima? Akazipunguza picha, akajibu: “Ukurasa umepewa.”

Kuanzia hapo kazi ikapata mwendo. Ile katoni ya Siakago ilibandikwa ukutani jikoni kwa gundi ya unga, na kando yake vikaratasi: vya kufanywa, vinavyofanywa, vilivyokwisha. Mtu alichukua kikaratasi kimoja, akakisogeza, na mwenzake alijua mkono wa nani uko wapi. Asubuhi, mkamuaji wa yule ndama, ambaye sasa alikuwa ng'ombe, akiondoka, walisimama na vikombe vyao mbele ya ukuta, wakaambizana jana nilifanya nini, leo nafanya nini, na nimekwama wapi. Hilo la mwisho ndilo lililomgharimu Gladwell. Mara ya kwanza alilisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kifo. “Nimekwama kwenye rangi za kitufe.” Linda akamwonyesha, dunia haikuanguka, na mara ya pili ikawa rahisi.

Wote wawili walikuwa na mambo ya kunyooshwa. Kila unapohifadhi badiliko, unaacha ujumbe wa kusema umefanya nini. Ujumbe wa Gladwell ulianza, “Leo asubuhi, baada ya chai, nilipotafakari kwa kina suala la kichwa cha ukurasa…” na kuendelea mpaka chini. Wa Linda ulikuwa “nimerekebisha”, na uliofuata “nimerekebisha tena”. Linda akaandika kwamba ujumbe unaomba kuwa mfupi. Gladwell akajibu kwamba huu mwingine nao unaomba kusema umerekebisha nini. Wakakutana katikati.

Siku moja Linda, akijaribu kupanga aina za asali, alivuruga shina lenyewe hata ukurasa mzima ukawa mweupe. Alivuka ua akiwa na laptopu mikononi kama mtu aliyebeba mgonjwa. Gladwell alivaa miwani, wakatafuta pamoja kwenye historia mpaka wakapata hali ya jana mchana, wakairudisha. Asali ikatokea kwenye kioo. Gladwell alikuwa na sentensi tatu nzuri za kusema kuhusu uangalifu. Akazimeza zote, akasema, “Chai ipo.”

Haimaanishi kwamba alikuwa amebadilika kabisa. Juma la mwisho alichipusha tawi akaliita “majaribio”, na ndani yake, kimyakimya, akarudisha kwaya. Aliipunguza sauti. Alifikiri huenda ikapita.

Jibu lilikuja wakati akimpelekea ng'ombe majani, akalisoma kwenye simu akiwa zizini: “Ukurasa unaushukuru wimbo kwa moyo wote, na unaomba wimbo ubaki kanisani.”

Gladwell aliegemea ua wa zizi, akacheka mpaka jirani akauliza kutoka ng'ambo kama kuna heri. Akalifuta tawi.

Tovuti ilifunguliwa siku ya soko la Siakago. Njoki ndiye aliyekuwa wa kwanza kuijaribu, kwa simu yake yenye ufa, akiwa amesimama katikati ya magunia, huku Linda akimsikiliza kwenye laini. “Imefunguka,” akasema. “Namba iko juu. Asali ipo, imeandikwa ipo.” Kisha akaitazama simu tena. “Ngoja, kuna mtu ananipigia.”

Walipiga. Alipiga mwenye hoteli wa Embu mjini. Alipiga mwanamke wa Chuka aliyetafuta ya nyuki wadogo kwa ajili ya kifua cha mumewe. Walipiga watu waliotaka tu kujua kama kweli kuna nyuki wasiouma. Wafugaji walipanda na kushuka na ndoo zao, na haikuchukua muda ghala likawa linarudisha mwangwi.

Kivuti akapiga simu Meru, sauti imekauka. “Mwalimu, hebu zimeni hiyo kitu kidogo. Njoki anaficha simu kwa gunia la ndengu. Asali imeisha na watu hawaamini.”

Gladwell na Linda waliketi pamoja mezani, laptopu moja, viti viwili. Badiliko lilikuwa la mstari mmoja.

“Andika, ‘Asali imekwisha,’” Gladwell akasema. “Fupi, wazi, Kiswahili safi.”

“Mama, hapana,” Linda akasema. “Hiyo inafukuza watu. Wakifukuzwa hawarudi.”

Hakusema ukurasa unaomba. Alisema hapana, waziwazi, kwa mdomo wake, na wote wawili wakalisikia. Mkono wa Linda ulisimama juu ya herufi. Gladwell alimtazama msichana huyu wa Kianjokoma, pembeni, kwa muda ambao maji yangeanza kuchemka.

“Haya. Sema yako.”

“‘Asali ya msimu huu imechukuliwa. Tuachie namba yako, tutakupigia ikivunwa.’”

“Ni ndefu.”

“Ni ndefu, lakini inamwacha mtu na tumaini.”

“‘Tuachie namba’ inatosha. Hiyo ‘yako’ ni ya nini? Ataacha ya nani?”

“Sawa. Hiyo tunaitoa.”

“Na ‘ikivunwa’ ibaki. Hiyo nimeipenda.”

Linda akaandika, Gladwell akasoma, wakaunganisha na shina. Kivuti alipopigiwa kuambiwa kwamba imekwisha kubadilishwa, alishukuru sana, kisha akasema kuna rafiki yake hapo Siakago mwenye shule ya udereva, ameona tovuti ya asali na anataka kama hiyo, na anauliza mnaweza kumtengenezea kufikia lini.

Linda alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alitazama ukuta, pale penye vikaratasi, kisha akaisogeza simu karibu na mdomo.

“Mjomba, lini hatujui bado,” akasema. “Tutakuja kwanza tuongee na yeye, na hao wanafunzi wake pia. Lakini si Jumatano. Jumatano niko na mkutano wa akina mama.”